Hojaji ya kuazima haitapima ushirikiano wa wahudumu wetu

Wahenga walisema kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Wadi ya hospitali ni chungu kinachohitaji mafiga zaidi ya matatu. Muuguzi, daktari, afisa wa kliniki, mkunga, mfamasia, mtaalamu wa maabara, mtaalamu wa lishe, hata yule anayesukuma kitanda cha magurudumu kuelekea chumba cha upasuaji, kila mmoja ameshika sehemu ya maisha ya mgonjwa yule yule. Figa moja likiyumba chungu humwagika, na anayeungua ni mgonjwa.

Jambo hili limetambuliwa na walimu wa afya duniani kwa muda mrefu. Mwaka wa 1988 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyohimiza wanafunzi wa taaluma mbalimbali za afya wasome pamoja ili baadaye waweze kufanya kazi pamoja. Mwaka wa 2010 shirika hilo likatoa mwongozo kamili juu ya suala hilo hilo, likieleza kwamba mafunzo ya namna hiyo hutokea pale ambapo watu wa taaluma mbili au zaidi hujifunza wao kwa wao, kila mmoja akijua kazi ya mwenzake. Kati ya miaka hiyo zilizuka hojaji, yaani karatasi za maswali ya utafiti, za kupima mitazamo ya wanafunzi kuhusu ushirikiano. Mojawapo ya zile zinazotumika sana ilichapishwa nchini Uingereza mwaka wa 1999 na Parsell na Bligh. Ina kauli 19, na mwanafunzi hutakiwa kusema kama anakubali kabisa, anakubali, hana hakika, hakubali, au hakubali kabisa. Hojaji hiyo imekwisha kutafsiriwa katika lugha nyingi, zikiwamo Kijapani, Kiswidi na Kijerumani, na wataalamu wa Vietnam nao wamefanya kazi ya kuzirekebisha hojaji za aina hii ili ziwafae wanafunzi wao wanaosoma kwa Kivietnamu.

Basi na sisi tujiulize. Siku ambayo mkufunzi wa chuo cha afya mjini Kitale au Bungoma atataka kujua kama wanafunzi wake wako tayari kushirikiana, atachukua hojaji ipi? Njia nyepesi ni kuichukua ile ya Uingereza jinsi ilivyo, kuipiga chapa, kuigawa darasani na kuhesabu alama. Rai yangu ni kwamba njia hiyo itatupotosha. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hojaji ambayo haikushonwa upya kwa kipimo cha kazi zetu, lugha yetu na adabu zetu itatuletea majibu mazuri yasiyokuwa na ukweli ndani yake, na gharama ya majibu hayo italipwa na wagonjwa.

Kabla ya kuieleza rai hiyo, inafaa tukumbuke kwa nini suala lenyewe ni zito. Mnamo Agosti 2013, mama mmoja alifika katika hospitali ya wilaya ya Bungoma kujifungua. Aliagizwa anunue dawa ya kuanzisha uchungu. Wakati ulipowadia alikwenda kutafuta msaada akakuta vitanda vya chumba cha kuzalishia vimejaa, naye akaanguka na kujifungua sakafuni. Alipozinduka alijikuta akipigwa na kutukanwa na wauguzi. Mwezi Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki zake zilikuwa zimevunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi. Mahakama haikuishia kwa wauguzi. Ilizilaumu pia serikali, ile ya taifa na ile ya kaunti, kwa kutotenga rasilimali na kutoweka utaratibu wa kuendesha huduma ya uzazi isiyolipiwa, ambayo ilikuwa imetangazwa Juni ya mwaka ule ule wa 2013.

Kwa mwalimu wa afya, kesi hiyo ina somo pana kuliko hasira za wauguzi wachache. Mama yule alipita katika mikono mingi. Kuna aliyempokea, aliyeandika dawa, aliyepaswa kumwangalia uchungu ulipozidi, na aliyejua kwamba vitanda vimejaa. Mikono hiyo isiposhikana, hata mtu mwema na hodari hushindwa. Ndiyo sababu tunataka kujua, mapema, wakati kijana angali chuoni, anawafikiriaje wenzake wa taaluma nyingine.

Tena tukumbuke kwamba mazingira yetu huwatenganisha vijana hao kabla hawajafahamiana. Madaktari wana baraza lao na sheria yao. Wauguzi wana baraza lao chini ya sheria ya mwaka wa 1983. Maafisa wa kliniki nao wana baraza lao, na sheria yao ilitungwa upya mwaka wa 2017. Vyama vya kutetea maslahi ni mbalimbali vilevile. Madaktari waligoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Wauguzi wakafuata kwa mgomo wa takriban miezi mitano mwaka huo huo wa 2017. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, na maafisa wa kliniki wakawa na mgomo wao pia. Sisemi kwamba madai yao hayakuwa ya haki. Ninasema kwamba mwanafunzi aliyekulia katika habari hizi hujifunza mapema kuwa kila taaluma ina kambi yake, na kwamba jirani yake wa wadini ni mshindani katika kugawana keki ndogo. Fahali wawili hawakai zizi moja; je, fahali watano watakaaje katika wadi moja?

Sasa turudi kwenye hojaji. Kikwazo cha kwanza ni majina ya kazi. Hojaji za Uingereza zilitungwa kwa wanafunzi wa udaktari, uuguzi, tiba ya viungo na kadhalika. Katika Uingereza ya 1999 hapakuwa na afisa wa kliniki. Kwetu sisi, afisa wa kliniki ndiye nguzo. Husoma stashahada ya miaka mitatu, kisha hufanya mazoezi ya kazi kwa mwaka mmoja. Ndiye anayemkabili mgonjwa wa kwanza asubuhi katika kituo cha afya, na wengine wao wamesomea zaidi wakawa wanatoa mtoto wa jicho au kulaza wagonjwa usingizi kabla ya upasuaji. Huyu si daktari kwa sheria, wala si muuguzi. Uhusiano wake na daktari kwa upande mmoja, na muuguzi mzoefu kwa upande wa pili, ndio mahali panapoumiza zaidi. Hojaji isiyomjua afisa wa kliniki imeyaruka maswali yanayotuhusu.

Zaidi ya hayo, mwezi Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, watembeao nyumba kwa nyumba. Mwanafunzi anayesomea afya Webuye au Kapenguria hataweza kuikwepa kazi ya kushirikiana na watu hawa, ambao wengi wao hawakukaa chuoni miaka mitatu lakini wanaijua kila nyumba kijijini. Je, anawaona kama wenzake au kama wapagazi wake? Hojaji ya kuazima haimwulizi.

Kikwazo cha pili kimejificha ndani ya neno moja dogo la Kiswahili. Mwite nani "daktari"? Katika soko la Kitale, katika kituo cha magari cha Bungoma, kila avaaye koti jeupe ni daktari. Afisa wa kliniki ni daktari. Muuguzi mwanamume ni daktari. Muuza dawa dukani ni daktari. Muuguzi mwanamke huitwa sista, hata kama ana shahada na anasimamia wadi nzima. Sasa tafsiri kauli inayosema kwamba daktari anapaswa kusikiliza maoni ya wengine. Mwanafunzi wa kwanza atamfikiria daktari bingwa, wa pili atamfikiria afisa wa kliniki wa zamu, na wa tatu atajifikiria yeye mwenyewe. Watatu hao wakijibu "nakubali", mtafiti atadhani wameafikiana, kumbe hakuna aliyejibu swali la mwenzake.

Hapa ndipo tunapouona udhaifu wa njia moja inayotegemewa mno. Tangu Richard Brislin aandike juu yake mwaka wa 1970, watafiti wengi hutumia tafsiri ya kurudi: mtu wa kwanza hutafsiri hojaji kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, kisha mtu wa pili ambaye hajaiona ile ya awali huirudisha katika Kiingereza, halafu matoleo mawili ya Kiingereza hulinganishwa. Njia hii ni nzuri kwa kufichua makosa ya wazi. Lakini neno "daktari" litakwenda na kurudi salama salimini bila mtu kushtuka, kwa kuwa kamusi inakubali. Kosa halimo katika kamusi. Limo katika masikio ya msomaji wa Kitale.

Kikwazo cha tatu ni lugha yenyewe. Najua mkufunzi mmoja au wawili watainua mkono hapa na kusema: "Wanafunzi wetu husoma na hufanya mitihani kwa Kiingereza. Tafsiri ya nini?" Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Ni kweli kwamba vitabu, mihadhara na mafaili ya wagonjwa ni ya Kiingereza. Lakini ushirikiano hautendeki katika faili peke yake. Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, kilichoanza mwaka wa 1927, hupokea vijana kutoka kila pembe ya nchi, na katika matawi yake ya Kitale, Bungoma na Webuye mtoto wa Turkana hukutana na wa Mombasa na wa Nyeri. Wagonjwa nao huja na Lubukusu, Kisabaoti, Kipokoti, Kiteso na Kikikuyu. Kinachowaunganisha hao wote usiku wa manane, mtungi wa oksijeni ukiwa unakwisha, ni Kiswahili. Kwa lugha hiyo mmoja humwomba mwenzake msaada, na kwa lugha hiyo humkemea.

Mwanafunzi akiulizwa kwa Kiingereza kuhusu ushirikiano, hujibu kama anayefanya mtihani. Hukumbuka mhadhara, akaandika lile ambalo mhadhiri alilisema. Akiulizwa kwa lugha ambayo kwayo alizozana na mwenzake jana jioni, huenda akakumbuka ule mzozo. Isitoshe, Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Si haki lugha hiyo iwe ya kumpokelea mgonjwa mlangoni tu, kisha ifukuzwe pale tunapotaka kufikiri juu ya kazi yetu. Napendekeza hojaji iwe na matoleo mawili yaliyolingana, la Kiingereza na la Kiswahili, na mwanafunzi achague. Hata toleo la Kiingereza litahitaji kurekebishwa, maana kikwazo cha majina ya kazi hakiondoki kwa sababu msomaji anajua Kiingereza.

Kikwazo cha nne ni adabu. Sisi tumelelewa kwa methali isemayo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali njema nyumbani, lakini wadini inaweza kuua. Tuchukue mfano. Muuguzi mwanafunzi anaona kwamba dozi iliyoandikwa kwa mtoto inaonekana kubwa mno. Kusema "Daktari, presha ya mama imeshuka" si kazi ngumu, kwa sababu hiyo ni taarifa. Kazi ngumu ni sentensi ya pili: "Samahani, nadhani dozi hii imezidi." Sentensi hiyo inamwambia mkubwa kwamba huenda amekosea, tena mbele ya watu. Ushirikiano wote tunaouhubiri unasimama au unaanguka juu ya sentensi hiyo moja.

Hojaji za kuazima huuliza kwa ujumla kama kuheshimiana na kuaminiana ni jambo zuri. Nani atasema ni baya? Kijana wa Kibukusu na binti wa Kisabaoti wote watajibu kwamba wanakubali kabisa. Lakini neno "heshima" kwa mmoja lina maana ya kusikilizana, na kwa mwingine lina maana ya mdogo kunyamaza mkubwa anapozungumza. Wote wawili wamepata alama tano juu ya tano, na mmoja wao ataiacha ile dozi ipite. Hata huko Ulaya na Amerika watafiti wamelalamika kwamba wanafunzi hujaza alama za juu tangu mwanzo, hata nafasi ya kuonyesha maendeleo baada ya mafunzo ikakosekana. Tena sehemu ya ile hojaji ya 1999 inayohusu majukumu ya kila taaluma ilionekana kuwa dhaifu kitakwimu, ikawabidi wataalamu wengine kupendekeza mpangilio mpya mwaka wa 2005. Ikiwa nguo hiyo iliwabana hata wenyewe, itatukaaje sisi?

Kuna jambo jingine dogo la lugha ambalo walimu wa Kiswahili watalitambua mara moja. Hojaji hizi huwa na kauli chache za kukanusha, zilizowekwa makusudi ili kumnasa anayejibu bila kusoma. Kwa mfano, kauli inaweza kumtaka mtu akubali au akatae kwamba haoni haja ya kusoma na wanafunzi wa taaluma nyingine. Sasa katika Kiswahili chetu, ukimwuliza mtu "Hujala?" naye akajibu "Ndiyo", amekwambia kwamba hajala. Anaikubali kauli jinsi ilivyo, pamoja na ukanushaji wake. Mzoefu wa Kiingereza angejibu kwa neno la kukataa. Mwanafunzi wetu anayefikiri kwa lugha mbili kwa wakati mmoja, akikuta "sikubali kwamba si lazima", atatia alama popote ili aondoke. Mtafiti atalaumu akili ya mwanafunzi, ilhali lawama ni ya sentensi. Dawa ni kuzigeuza kauli hizo ziwe za moja kwa moja, au kuziandika upya kabisa.

Asije mtu akadhani kwamba ninadai jambo lisilowezekana. Kazi ya kurekebisha hojaji imefanyika katika Afrika Mashariki kwa miaka mingi, hasa upande wa wagonjwa. Mwaka wa 1999 yalichapishwa matokeo ya kuileta kwa Kiswahili, nchini Tanzania, hojaji ya Kimarekani ipimayo hali ya afya kwa maswali 36. Hojaji hiyo ya awali ilitolea mifano ya kazi za kawaida kama vile kusukuma mashine ya umeme ya kufagilia zulia na kucheza gofu. Hebu fikiria kumwuliza hayo mama wa Kimilili anayelima mahindi! Anayetafsiri maneno ataandika "gofu" na kupumzika. Anayetafsiri maana atajiuliza ni kazi gani ya nyumbani kwetu inayotumia nguvu kiasi hicho, kama vile kufagia ua au kuteka maji.

Karibu zaidi na kwetu, mwaka wa 2009 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa magharibi mwa Kenya na watafiti waliohusiana na Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret pamoja na wenzao wa Indiana, Marekani. Walitaka kujua kama hojaji fupi ya kupima sonona inafaa kwa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Hawakuridhika na kutafsiri tu. Waliipima hapa hapa. Na katika kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga, utafiti mkubwa wa maji, usafi na lishe ulioanza mwaka wa 2012 uliwashirikisha akina mama wajawazito zaidi ya 8,000. Kwa hiyo watu wa Bungoma si wageni wa hojaji. Wameulizwa juu ya maji yao, vyoo vyao na watoto wao. Wakati umefika wale wanaojiandaa kuwa waulizaji waulizwe nao, na waulizwe kwa uangalifu ule ule.

Je, kazi hiyo ifanywe vipi? Hatua zake zinajulikana, wala hazihitaji mabilioni. Kwanza, aombwe ruhusa mwenye hojaji, kwa kuwa kazi ya mtu ni mali yake. Pili, watafsiri wawili wafanye kazi kila mmoja peke yake, mmoja akiwa mtu wa afya na mwingine mwalimu wa Kiswahili asiyejua istilahi za hospitali, ili yule wa pili amzuie wa kwanza kujificha nyuma ya maneno ya kitaalamu. Tatu, likae baraza dogo la kuyalinganisha matoleo hayo, na ndani yake awemo muuguzi, afisa wa kliniki, daktari, mtu wa maabara, mhudumu wa afya ya jamii, na wanafunzi. Nne, ifanyike ile tafsiri ya kurudi, ili ichunguze makosa ya wazi.

Hatua ya tano ndiyo ambayo hurukwa mara nyingi, nayo ndiyo moyo wa kazi yote. Mwanafunzi mmoja mmoja aketi na mtafiti, asome kauli kwa sauti, kisha aeleze kwa maneno yake ameelewa nini. Ulipomsoma "daktari" ulimfikiria nani? Ulipoona "timu" uliona watu wa wadi au kikosi cha kandanda? Ulipotia alama katikati, je, ulimaanisha kwamba hujui, au kwamba unajua lakini unaogopa kusema? Wanafunzi kama ishirini hivi, waliochaguliwa kutoka taaluma zote, watafichua makosa ambayo profesa kumi hawakuyaona. Baada ya hapo ndipo hojaji igawiwe kwa wanafunzi wengi na hesabu za uthabiti zifanywe.

Ningeongeza jambo la sita kwa ajili yetu. Pamoja na kauli za jumla, ziwekwe hali halisi chache, kisha mwanafunzi aulizwe angefanya nini. "Uko zamu ya usiku. Unaona dozi aliyoiandika mkubwa wako imezidi. Naye amelala. Utafanya nini?" Majibu yawe kadhaa, na kila moja liwe jibu ambalo mtu wa heshima angeweza kulitoa bila haya: kumpigia simu, kumwuliza muuguzi mwandamizi, kusubiri asubuhi, kutoa dozi jinsi ilivyoandikwa. Swali la namna hiyo halina jibu la kukariri. Litatuonyesha mahali ambapo woga umekaa, na litamsaidia mkufunzi kujua afundishe nini.

La saba ni usiri. Mwanafunzi anayejaza hojaji mbele ya mkufunzi atakayemsahihishia mtihani hawezi kuwa huru. Ataandika yale yatakayompendeza mwalimu. Hojaji isiwe na jina wala nambari ya usajili, na agawaye awe mtu wa nje ya idara. Bila hilo, hata tafsiri iliyo bora kabisa itavuna sifa tupu.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba tukizibadili hojaji mno hatutaweza kujilinganisha na nchi nyingine. Ni kweli kwamba tutapoteza kiasi fulani cha ulinganisho. Lakini alama 80 za Bungoma na alama 80 za Liverpool, zilizopatikana kwa watu walioelewa maswali tofauti, hazilinganishiki hata sasa. Zinafanana kwa tarakimu tu. Anayetaka kujilinganisha na jirani sharti kwanza ahakikishe kwamba mizani yake inapima kitu kile kile. Vilevile wapo watakaosema kwamba tuna shida kubwa zaidi: vitanda havitoshi, dawa hazifiki, mishahara huchelewa. Hayo yote ni kweli, na kesi ya 2018 iliyasema mahakamani. Ila vitanda vichache ndivyo vinavyohitaji watu wanaosikizana zaidi, maana palipo na uhaba kosa moja halina pa kujifichia.

Nawageukia walimu. Chuo Kikuu cha Kibabii kiko Bungoma na kile cha Masinde Muliro kiko Kakamega, mwendo mfupi kutoka matawi ya chuo cha tiba. Mwalimu wa Kiswahili na mkufunzi wa uuguzi wamekuwa majirani kwa miaka mingi bila kugongeana mlango. Hojaji hii ingekuwa sababu njema ya kugongeana. Mwalimu wa lugha angepata istilahi hai za kufundishia, na mkufunzi wa afya angepata sentensi zinazoeleweka. Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa kikiwapeleka wanafunzi wa afya katika vituo vya vijijini tangu miaka ya 1990 ili wajifunze kwa jamii; basi na kipimo cha kujua kama wanajifunza pia wao kwa wao kitokane na vituo hivyo hivyo.

Na kwenu wanafunzi: mtakapopewa karatasi yenye kauli kumi na tisa na visanduku vitano kila moja, msiijaze kama wanaolipa kodi. Mahali ambapo swali halieleweki, andikeni pembeni kwamba halieleweki, na mseme kwa nini. Mahali ambapo kazi yenu haikutajwa, itajeni. Kisha mkae chini, mwanafunzi wa uuguzi na wa maabara na wa udaktari, mjadili maana ya neno "heshima" kila mmoja anavyolielewa. Mjadala huo utakuwa mwanzo wa ushirikiano ambao hojaji ilikuja kuupima. Mkono mmoja haulei mwana, na mwana mwenyewe yuko wadini, anasubiri dozi yake ya saa sita usiku.